Kiungo cha Tano

Jumatatu, 3 Juni. Kibeta

Nimekata majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba. Shina la nne nikaacha, goti limekataa. Chai saa tatu. Kisha Koku akaingia uani na begi mgongoni, kubwa kuliko yeye.

Koku ni binti wa marehemu mdogo wangu. Miaka thelathini na sita, mwalimu wa jiografia, anaishi upande wa Rubya. Alijifunza kuruka kwa mwavuli Kenya, likizo tatu mfululizo, na cheti anacho. Sasa amenunua mwavuli wake mwenyewe, wa mtumba. Jumamosi ya tarehe 15 ataruka nao Muleba, kutoka ukingo wa mlima unaotazama ziwa, mbele ya wageni wanaotaka kuona kama jambo hilo linaweza kuleta watalii. Wakiridhika, atasaidiwa kufungua shule ndogo ya urukaji. Hiyo ndiyo ndoto yake. Amenieleza mara tatu.

Amekuja kwangu kwa sababu nilikuwa fundi wa miavuli jeshini miaka ishirini na sita. Kukunja, kushona, kukagua. Hakuna mtu aliyeanguka kwa mwavuli uliopita mikononi mwangu. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Pia napenda kuandika hivyo.

Huu si mwavuli wa aina yetu. Wa jeshi ulikuwa duara, kazi yake kukushusha. Huu ni kama bawa. Mtu anakimbia nao ukingoni mpaka unambeba. Lakini msingi haujabadilika. Kitambaa juu. Kamba chini yake. Kamba zinakusanyika kwenye mikanda, na mikanda ndiyo inayomshika mtu. Mahali kamba zinapokutana na mkanda kuna kiungo cha chuma, kama pete ndefu iliyokatwa upande mmoja, na nati inayopita juu ya ule mwanya na kuuziba. Viungo vinane: vinne kushoto, vinne kulia. Vyote vinane vinaenea kwenye kiganja. Mtu mzima ananing'inia hapo.

Nimevifungua. Vitatu vina kutu kwenye meno ya nati. Kimoja nati yake inazunguka kwa kukwaruza. Nimemwambia abadilishe vyote vinane, si vinne vibovu tu. Vilikaa pamoja, vikalowa pamoja.

Amekunja uso. Uso wa baba yake kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Koku amerudi na viungo vinane kutoka duka la vifaa mjini, lile linalowauzia wavuvi wa kisiwa cha Goziba nati, minyororo na kamba za nanga. Vinang'aa. Akaviweka mezani kama mtu aliyemaliza ubishi.

"Baba mkubwa, niambie tofauti iko wapi."

Nikaweka kimoja cha zamani kando ya kimoja kipya. Kwa macho, ndugu wa tumbo moja. Nikampa lenzi ya kusomea.

Kwanza, muhuri. Kiungo cha kubeba mtu kimegongwa jina la aliyekitengeneza na uzito kinaoubeba. Hiki cha dukani kitupu. Kisichosema kinabeba nini hakijaahidi kitu. Pili, meno. Nikamwambia ahesabu nati inazunguka mara ngapi mpaka ifike mwisho. Cha zamani sita. Cha dukani tatu na kitu, na nati inacheza kama jino la mtoto. Tatu, midomo ya ule mwanya. Nati ikifika mwisho, meno yawe yameingia pande zote mbili. Hiki kimeingia vizuri upande mmoja, upande wa pili kimegusa tu. Kiungo kilichofungwa nusu ni ndoano.

"Wavuvi wanavitumia kila siku," akasema.

"Wanafungia nanga. Kikikatika, mvuvi anapoteza nanga."

"Unanikagua kama kuruta."

"Kuruta hakuwa anajibu."

Mke wangu Yustina akacheka jikoni. Koku hakucheka. Kuagiza vya kweli kutoka Nairobi ni siku tatu au nne, na siku zenyewe zinahesabika. Hata hivyo ameagiza. Alipiga simu amesimama uani, mgongo kwangu.

Vya dukani ameniachia. Kimoja nimening'inizia ndoo ya kisima. Kinafaa sana.

Jumamosi, 8 Juni

Vimefika na basi la asubuhi. Nimekwenda mwenyewe kuvichukua. Vina muhuri. Chuma kisichoshika kutu. Kila nati nimeizungusha mpaka mwisho na kuirudisha, kavu, bila mafuta. Mara sita na robo, vyote. Kazi nzuri ya mtu ambaye sitamwona.

Tatizo ni kanuni. Jeshini mmoja alifunga, mwingine akakagua, hawakuwa mtu mmoja hata siku moja. Mkono unakumbuka ulichokusudia kufanya na unaamini umekifanya. Ndiyo maana mkono uliofunga haukagui. Nimefundisha hivyo vijana wengi.

Koku ana mitihani ya kusahihisha Rubya. Ameniachia mwavuli, atakuja kuuchukua Jumatano. Nimemwambia nitafunga mwenyewe Jumanne.

Yustina akaniuliza, akiniita kwa jina la mwanetu, "Baba Mugisha, na atakayekukagua?"

Nikamjibu kwamba Koku ana mitihani. Ni kweli ana mitihani. Lakini ningeweza kumsubiri Jumatano, tukafunga wote wawili. Sikutaka. Nilitaka aje akute kazi imekwisha.

Jumanne, 11 Juni

Kazi ya viungo. Nimeanza saa nne, mwanga wa dirisha la mashariki, shuka jeupe mezani ili kitu kikidondoka kionekane.

Utaratibu, kwa ajili ya kumbukumbu. Kamba zinaingia kwenye kiungo kwa mpangilio wake, zisipishane. Kisha mkanda. Kisha kipete cha mpira kinachozibana kamba zisiteleze zikalalia meno ya nati. Nati inafungwa kwa vidole mpaka ikatae. Halafu spana, robo mzunguko. Robo tu. Fundi mchanga hudhani kukaza zaidi ni usalama zaidi, kumbe anaipasua nati kwa ndani na ufa hauonekani. Ukikaza kwa vidole peke yake nayo si kazi: kamba hutetemeka hewani, na mtetemo ni mkono mwingine unaofungua polepole.

Kushoto. Cha kwanza kimekaa vizuri. Cha pili kipete kilijikunja, nimefungua nikarudia. Cha tatu vizuri. Cha nne spana iliteleza, hakuna alama kwenye chuma, vizuri.

Kulia. Cha tano, kamba zimepangwa, kipete kimeingia, nati kwa vidole mpaka mwisho. Hapo Ta Nestori, yaani mzee Nestori, akapiga hodi. Jirani yetu, dereva mstaafu. Mnyauko umeingia kwenye kibanja chake cha migomba na amekata mashina kumi na moja. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya Nestori ina maneno mengi. Yustina akaleta akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu. Buni zilikuwa nzuri, zimechemshwa na majani. Mgeni hatafuni kahawa peke yake, wala mwenye nyumba hampi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika spana. Nikaweka spana chini, nikapokea kwa mikono miwili, tukatafuna. Amekaa saa nzima.

Alipoondoka: cha sita vizuri. Cha saba kigumu kidogo mwanzoni, kisha vizuri. Cha nane vizuri.

Mwisho chapa. Mstari mwekundu unaopita kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa kiungo. Nati ikisogea, mstari unakatika, na mwenye macho anaona. Jeshini tulikuwa na rangi yetu. Leo nimetumia rangi ya kucha ya Yustina. Mistari minane.

Nimeridhika. Ni muda mrefu sijaridhika hivi.

Jumatano, 12 Juni

Mvua ya asubuhi, fupi. Koku amekuja, ametazama mistari myekundu, ameipitisha kidole.

"Umevipendezesha."

"Mstari ukiwa mzima, kiungo ni kizima," nikamwambia.

Amesema asante waitu, kwa heshima ya Kihaya, amebeba begi, ameondoka. Huzima simu yake siku moja kabla ya kuruka, watu wasimtie hofu. Kwa hiyo Ijumaa nisimtafute.

Goti afadhali.

Ijumaa, 14 Juni

Saa tisa mchana. Nilifungua daftari hili niandike jambo la mnyauko, kwamba afisa kilimo amepita na kusema na sisi tuchunguze mashina yetu. Nikasoma nyuma kidogo, kama nifanyavyo.

Jumanne. Cha kwanza vizuri. Cha pili nimerudia. Cha tatu vizuri. Cha nne spana iliteleza. Cha tano, vidole mpaka mwisho. Nestori. Cha sita vizuri.

Cha tano hakina spana.

Nimekaa nacho. Nimejaribu kukumbuka spana ikigeuka kwenye cha tano. Nakumbuka cha nne, spana ilipoteleza. Nakumbuka ugumu wa cha saba. Kwenye cha tano nakumbuka kikapu cha kahawa. Spana ilikuwa chini ya ukingo wa kikapu. Niliichukua hapo Nestori alipoondoka, nikashika kiungo kilichofuata.

Kisha nikapaka rangi juu ya vyote vinane. Chapa inamwambia Koku kwamba nati haijasogea tangu ilipofungwa. Haimwambii kwamba haikufungwa. Nami nikamwambia kwa mdomo wangu mstari mzima, kiungo kizima.

Nimepiga simu. Imezimwa. Nimeandika ujumbe: USIRUKE KABLA SIJAFIKA. Haujapokelewa. Anaruka kesho saa nne.

Nimemwambia Yustina. Hakusema "si nilikuuliza?" Amesema, "Nestori ana gari." Gari lenyewe liko gereji, litatoka usiku.

Jumamosi, 15 Juni

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu na pikapu ya Nestori. Ilikataa kuwaka mara mbili. Nilimweleza njiani.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni mimi. Wewe ulikuja kusalimia."

"Ta Elia, ningekuwa na mashina yangu kumi na moja nisingekuja. Basi ni mnyauko."

Aliendesha vizuri, bila kuongea tena, jambo ambalo kwake ni ishara ya hofu. Nilikuwa na hofu pia. Haikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Ilikuwa nyembamba na ya moja kwa moja, kama kelele ya injini. Nilikuwa nahesabu: ukingo, hatua kumi za kukimbia, ziwa chini.

Baada ya Muleba mjini barabara ya vumbi, kisha njia ya miguu kupitia mibuni ya watu. Nimepanda kwa fimbo. Saa nne kasoro dakika kumi.

Mwavuli ulikuwa umetandazwa kwenye nyasi. Wageni sita kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Koku alikuwa amevaa kofia ngumu na mikanda tayari, ameshika kamba, anasubiri upepo ukae sawa. Aliponiona alitabasamu. Alidhani nimekuja kutazama.

Nikamwambia pale pale, sikutaka pumzi itulie kwanza. Kulia, kiungo cha kwanza, cha tano kwa hesabu yangu. Sikukikaza. Nilipaka rangi bila kukikaza.

Alitazama kiungo. Mstari mwekundu mzima, mzuri. Nikamwambia azungushe nati kwa vidole viwili. Ikazunguka bila ubishi. Mstari ukakatika katikati.

Angeanguka? Sijui. Huenda angeruka mara kumi bila lolote. Huenda nati ingetembea taratibu, yeye akiwa juu ya maji, mpaka mwanya ukafunguka. Kazi yetu haikuwa kujua. Ilikuwa kuhakikisha hakuna anayehitaji kujua.

Koku aliizungusha nati mara nyingine. Kisha akasema kwa Kihaya, polepole, wageni wasielewe, kwamba ningeweza kunyamaza.

Nikasema ningeweza.

Akavua kofia. Nikampa spana, nikamwambia akaze cha tano robo mzunguko, na vile saba nina hakika navyo. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani.

"Baba mkubwa, hata cha tano ulikuwa na hakika nacho."

Alifungua vyote vinane. Kimoja baada ya kingine, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake namba. Ilipofika saa tano upepo wa ziwani ulikuwa umepanda na nyasi zimelala. Hata viungo vingekuwa tayari, hakuna wa kuruka. Wageni walikunywa soda. Mmoja alisema watakuja tena, lakini alikuwa ameshasimama alipokuwa akisema.

Hakunilaumu mbele yao. Aliwaambia vifaa vimekutwa na kasoro. Nikasema kasoro ni yangu, mimi ndiye fundi. Mama mmoja kati yao akaniangalia viatu.

Nestori alininunulia ndizi za kuchoma njiani. Sikula.

Jumapili, 16 Juni

Ibada. Mahubiri sikuyashika.

Miaka ishirini na sita, halafu kikapu cha kahawa. Lakini si kikapu. Wageni walikuja jeshini pia, simu zililia, mvua ilinyesha kwenye karakana. Daima alikuwepo mtu wa pili. Nilidhani sifa ile ni ya mikono yangu. Kumbe nusu yake ilikuwa ya mtu aliyesimama nyuma yangu, na wengi wao hata majina nimesahau.

Nina aibu. Naiandika ilivyo.

Hakuna neno kutoka kwa Koku.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeanza kuchunguza mashina. Manne yana alama ya mnyauko. Nimeyakata.

Saa kumi ujumbe kutoka kwa Koku. "Baba mkubwa shikamoo. Kesho saa mbili asubuhi, mlimani. Njoo na spana. Mwambie Ta Nestori na kahawa aje nayo."

Sijui kama la mwisho ni utani. Yustina anasema ni utani. Amefunga buni kwenye jani la mgomba hata hivyo.

Jumanne, 18 Juni

Hapakuwa na turubai wala viti. Koku, mimi, Nestori, na wanawake wawili waliokuwa wakienda shambani wakasimama.

Kahawa kwanza. Koku aliigawa yeye, tukatafuna tumesimama, tukamaliza, tukafuta mikono. Ndipo akatandika kanga kwenye nyasi na kufungua bahasha.

Alifunga mwenyewe. Kamba, mkanda, kipete, vidole, spana. Kila kimoja akakitaja kwa sauti, na mimi nikakigusa baada yake na kusema ndiyo. Cha tatu alikaza kupita robo. Nikasema hapana. Akafungua, akakagua meno kwa lenzi yangu, akarudia. Hakukunja uso.

Alipofika cha tano alinyoosha spana kwangu.

Nikapiga goti, lile zima. Kamba, mkanda, kipete. Nati kwa vidole mpaka ikatae. Robo mzunguko. Nikaondoa mkono. Yeye akainama, akaijaribu nati kwa vidole viwili. Ikagoma.

"Ndiyo," akasema.

Cha sita, cha saba, cha nane akamalizia mwenyewe. Rangi akapaka yeye.

Upepo ulikuja saa tatu kasoro, mwepesi, kutoka ziwani. Alikimbia hatua saba. Ya nane haikugusa chini. Nestori akavua kofia yake, sijui kwa nini. Koku alikwenda kulia, akarudi, akapanda kidogo juu yetu kiasi cha kuona nyayo za viatu vyake. Kutoka chini viungo havionekani. Nilijua hilo, bado nilivitafuta.

Alishuka kwenye malisho karibu na ziwa baada ya dakika kumi na nne. Tulimkuta ameketi, anakunja kamba. Nikapitia viungo vyote nikianzia cha kwanza. Mistari minane, mizima. Akapitia tena baada yangu.

Wageni hawajajibu barua aliyowaandikia kuwaalika tena. Anasema ataandika nyingine.

Nimerudi Kibeta saa tisa. Kucha ya kidole gumba ina doa jekundu, nilishika mstari kabla haujakauka. Yustina ana dawa ya kulitoa. Nimemwambia aache, litakwenda lenyewe.